Sarafu ya Waridi, Namba Sitini na Mbili

Evanthia: Haloo, baba, nakusikia kwa mbali. Niko kwenye korido ya chuo, siwezi kuongea sasa hi—

Garifalia: Baba yako anakoroma uani, pembeni ya trei za tini. Ni mama yako huyu.

Evanthia: Mama? Shikamoo. Simu yako imefanya nini?

Garifalia: Marahaba. Imetumbukia kwenye sufuria ya sharubati. Nimeifukia kwenye mchele ikauke. Umekula?

Evanthia: Nimekunywa kahawa.

Garifalia: Kahawa si chakula. Utasimama pale tumbo lingurume, watadhani ndiyo hoja yako ya kwanza.

Evanthia: Mama, naingia saa saba. Saa hizi ni saa sita na dakika ishirini. Kama ni baraka, nipe harakaharaka.

Garifalia: Wako wangapi hao maprofesa?

Evanthia: Saba.

Garifalia: Saba. Padri wetu huku anamzika mtu na waimbaji wawili tu, na maiti anafika. Hao saba wa nini, kwa fedha za kale ambazo hata mkate hazinunui?

Evanthia: Ndio utaratibu. Wanauliza, najibu, wakiridhika natoka daktari.

Garifalia: Daktari asiyejua kupima presha.

Evanthia: Ukinipigia kunicheka, mama, nipigie jioni.

Garifalia: Nimesoma kitabu chako.

Evanthia: [anacheka] Kitabu kipi?

Garifalia: Kwani unavyo vingapi? Hiki ulichoniletea Agosti, ukaniambia, "Kiweke juu ya kabati, mama, kipendezeshe sebule."

Evanthia: Umeisoma tasnifu yangu? Yote?

Garifalia: Nina miaka sita ya shule, sina miaka sita ya upofu. Nageuza tini, nanawa mikono, nasoma kurasa tano. Baba yako alisoma ukurasa wa shukrani tu, akaona jina lake, akalia, akafunga. Mimi nikaendelea. Kuna mahali sikuelewa, nikajua ni ujinga wangu. Halafu nikafika mahali nikaona na wewe hukuelewa.

Evanthia: Mahali gani?

Garifalia: Ngoja nisogee, hapa mtandao unakwaruza. [mkwaruzo] Unanipata?

Evanthia: Nakupata. Mahali gani, mama?

Garifalia: Tuanze mwanzo. Kurasa mia tatu na arobaini za kumuuliza msichana wa kwenye sarafu umri wake. Amekaa zake kwenye tezi, nyuma ya merikebu, ameshika mti wake, hana ugomvi na mtu. Huku kwetu mwanamke haulizwi umri. Anakisiwa, halafu unapunguza.

Evanthia: Si umri wake yeye. Ni mwaka ambao mji wetu ulizipiga zile fedha. Istiaia ya kale ilipiga fedha zenye yule msichana miaka na miaka, nzito kwa nyepesi, na hawakuandika mwaka hata kwenye moja. Kwa hiyo unaangalia chuma kilichotumika kuipiga, kimechakaa kiasi gani, ipi ilitangulia ipi. Halafu unatafuta chungu kilichofu—

Garifalia: Kilichofukiwa. Nimeelewa. Chungu hakiwezi kufukiwa kabla sarafu changa kuliko zote iliyomo haijazaliwa. Ni kama droo ya jikoni. Ukikuta chini ya vijiko wametandika gazeti la mwaka jana, usiniambie droo ilitandikwa enzi za babu.

Evanthia: [anacheka] Hilo nilikuwa nahangaika nalo sura nzima. Natamani ningekuuliza mapema.

Garifalia: Ungeniuliza mapema, naam. Hilo neno lishike. Chungu chenyewe ni kile baba mkwe wangu alichokiinua na plau kwenye shamba la tini.

Evanthia: Babu Anestis, ndio. Mwaka themanini na sita. Sarafu sitini na mbili. Sitini na moja zina msichana—

Garifalia: Na moja ina waridi.

Evanthia: Ya kisiwa cha Rodo. Upande mmoja uso wa jua, upande wa pili waridi ndani ya kisanduku cha mraba. Namba sitini na mbili. Mama, ile ndiyo kazi yangu nzima. Ilikaa kwenye stoo ya makumbusho miaka thelathini, hakuna aliyeijali. Wataalamu wote wakawa wanasema fedha zetu za aina ile ni za mwaka wa mia mbili na arobaini hivi kabla ya Kristo. Mimi nikalikuta waridi. Watu wa Rodo hawakuanza kulitia waridi kwenye kisanduku mpaka mwaka wa mia na tisini hivi. Basi chungu kilifukiwa baada ya hapo. Na fedha zetu ni changa kwa miaka hamsini kuliko walivyosema wote.

Garifalia: Na hao wote, wale wa Ujerumani, yule Mwingereza uliyempiga kwenye ukurasa wa tisini—

Evanthia: Sikumpiga. Nilimsahihisha.

Garifalia: Ulimwambia hakuangalia vizuri. Mzee wa watu, kaburini huko. Haya, nikuulize. Lile waridi likitoka chunguni?

Evanthia: Litoke liende wapi?

Garifalia: Nauliza tu, mie mjinga.

Evanthia: Likitoka sina kitu. Nina wasichana sitini na moja wasiojua mwaka wao, na miaka sita ya maisha yangu ndani ya boksi. Lakini haliwezi kutoka. Liliingia makumbusho ndani ya chungu, limeandikwa kwenye daftari la siku ile ile. Kwa nini unauliza hivyo?

Garifalia: Ukurasa wa mia mbili na kumi na nne. Umeweka picha kubwa.

Evanthia: Ndio.

Garifalia: Ina tundu.

Evanthia: Ilitobolewa zamani hizo. Nimeeleza. Mabaharia walikuwa wanatoboa sarafu wakazivaa shingoni kama kinga.

Garifalia: Kurasa tatu za baharia. Anatoka Rodo, anaogopa dhoruba, anafika bandarini kwetu, anakunywa, anakosa nauli, anaitoa kinga yake kwa masikitiko. Nikasema mwanangu ana kipaji. Ila hukumpa jina.

Evanthia: Nimeandika "huenda".

Garifalia: "Huenda" umeiandika mara moja. Baharia umemwandika mara kumi na nne. Nimehesabu.

Evanthia: Mama, nimebakiza nusu saa, unaniudhi makusudi au—

Garifalia: Na ule mkato? Chini ya pua ya jua, umepinda kama ndoana.

Evanthia: Huo ni mkato wa mkaguzi wa fedha. Wafanyabiashara wa kale walikuwa wanapiga patasi kuona kama ni fedha mpaka ndani au shaba iliyopakwa. Upo kwenye sarafu nyingi, hilo halina ubishi.

Garifalia: Yule mkaguzi wako wa kale amegeukia ubavu wa kushoto sasa. Namwona hapa dirishani. Mdomo wazi, nzi anaingia.

Evanthia: Sijakuelewa.

Garifalia: Baba yako. Alikuwa na miaka sita. Aliiba patasi ya babu yako, akataka kuona kama ndani kuna chokoleti. Akapigwa kandambili mpaka jirani akaja kuamulia. Bibi yako Despina ndiye alinihadithia, mwezi wa kwanza nimeolewa, na sarafu yenyewe akanionyesha. Uso wa jua, waridi, tundu, ndoana chini ya pua. Ilishonwa katikati kabisa ya utepe wake wa kichwani, ya tatu kutoka kushoto na ya tatu kutoka kulia.

Evanthia: Utepe upi? Ule wa biharusi?

Garifalia: Ule ambao mama yake aliuvusha kutoka ng'ambo, kwa Waturuki, mwaka wa ishirini na mbili, watu wetu walipofukuzwa huko. Nyingine zote ni vipande vya Kituruki. Hiyo moja tu ya zamani zaidi. Tundu lilitobolewa na sonara wa huko kwao, kwa msumari. Huyo ndiye baharia wako.

[mkwaruzo]

Garifalia: Evanthia? Mtandao au wewe?

Evanthia: Mimi.

Garifalia: Kaa chini. Kuna kiti hapo?

Evanthia: Sarafu nyingi zina tundu, mama. Nyingi zina mkato. Unaweza kufananisha. Uliiona lini, miaka arobaini iliyopita, mara moja—

Garifalia: Utepe ninao mapajani mwangu sasa hivi. Pale katikati pana pengo. Nimeweka picha yako juu ya pengo, ile picha ambayo umeandika "ukubwa halisi". Inakaa kama jino.

Evanthia: Lakini ingekuwa imetofautiana rangi. Zile za ardhini zilikuwa nyeusi, zina kutu, hii ingeonekana siku ile ile kwamba ina—

Garifalia: Ingeonekana?

Evanthia: Walizisafisha. Zote pamoja, kwenye asidi, wiki ya kwanza, kabla ya picha. Ndivyo walivyokuwa wanafanya zamani. Nimeiandika mwenyewe, ukurasa wa thelathini, nikalalamika kwamba wameharibu ushahidi.

Garifalia: Ulilalamika kwa ukali. Nikasema huyu kanichukua mimi.

Evanthia: Ngoja. Ngoja kwanza. Ile sarafu ya utepe wa bibi iliibwa. Hiyo hadithi nimekua nayo. Ilionekana haipo siku ya Pasaka, bibi alipofungua sanduku kuanika nguo, na mama Tasoula wa jirani alikuwa ndani anamsaidia. Bibi alisema mpaka anakufa kwamba Tasoula kaiba waridi lake. Miaka ishirini hawakupeana hata moto wa mshumaa.

Garifalia: Ishirini na mbili.

Evanthia: Lakini chungu kilichukuliwa Septemba, kabla ya hiyo Pasaka. Kama iliondoka na chungu... basi siku ile Tasoula anaanika nguo ilikuwa imeshaondoka miezi saba.

Garifalia: Umeanza kukokotoa vizuri.

Evanthia: Kwa hiyo Tasoula hakuiba.

Garifalia: Tasoula hakuwahi kuchukua hata jani la mnanaa bila kubisha hodi.

Evanthia: Nani aliitia chunguni? Babu?

Garifalia: Babu yako alikuwa uani na polisi na yule bwana wa makumbusho, anaapa kwa watakatifu wote.

Evanthia: Bibi basi.

Garifalia: Bibi yako angekata kidole kwanza. Alikuwa barabarani anapiga kelele kwamba wanatuibia shamba.

Evanthia: Baba alikuwa jeshini. Sasa nani alikuwa jikoni, mama? Chungu kilikuwa jikoni.

[chandarua kinapungwa]

Evanthia: Mama?

Garifalia: Nzi hawa mwaka huu hawasikii chandarua.

Evanthia: Nani alikuwa jikoni?

Garifalia: Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Miezi miwili nyumba ya watu. Polisi alitia kichwa dirishani akasema, nyumba hii ikikutwa na sarafu moja ya kale iliyofichwa, mwenye nyumba na wote waliomo wanalala rumande Chalkida leo. Alikuwa anatutania, nadhani. Alikuwa na meno ya mtu mtani. Mimi sikujua kutaniwa na polisi. Nikakumbuka ule utepe sandukuni. Nikachukua mkasi wa kukatia nyuzi za tini, nikakata, nikaiangusha chunguni. Ilitoa mlio mdogo tu. Sekunde tano. Ndiyo sura yako ya nne na ya tano.

Evanthia: Na Pasaka?

Garifalia: Pasaka nilikuwa nimesimama na beseni la nguo mkononi. Mama mkwe akaona pengo, akamgeukia Tasoula. Nikafungua mdomo. Nikaona lile jicho lake. Nikasema ngoja apoe, nitamwambia kesho.

Evanthia: Kesho.

Garifalia: Kesho ilikuwa na kazi nyingi.

Evanthia: [anacheka, si kwa furaha] Miaka thelathini na minane. Nimekuwa nikija Krismasi na kompyuta yangu, naweka picha mezani hapo, nakuambia mama angalia waridi hili, na wewe unanimenyea chungwa—

Garifalia: Hukuwahi kunionyesha waridi. Ulinionyesha mistari na namba. Nilipouliza "hiki nini", ukasema "ni mambo magumu kidogo, mama." Nikasema sawa, daktari, kula chungwa.

Evanthia: Sasa hivi ndio umeona wakati mzuri? Dakika ishirini na tano kabla?

Garifalia: Picha nimeiona Jumamosi. Jumapili nimesimama kanisani sikusikia hata neno moja la Injili. Jana nimeshika simu mara nne, mara ya tano ndiyo ikaingia kwenye sharubati. Unadhani nilikuwa napika sharubati? Nilikuwa nimesimama tu juu ya sufuria.

Evanthia: Sawa. Sawa. Tusikilizane. Nani mwingine anajua?

Garifalia: Mimi. Na sasa wewe.

Evanthia: Baba?

Garifalia: Baba yako anajua bei ya tini na matokeo ya mpira.

Evanthia: Basi hakuna anayejua. Umenyamaza thelathini na minane, mama, wewe ni bingwa wa dunia. Nyamaza tena. Rudisha utepe sandukuni. Naingia, nasema niliyoyaandika, natoka, mwezi wa kumi napata ile nafasi ya kazi. Halafu baadaye, polepole, naandika makala, nasema kuna mashaka kidogo juu ya namba sitini na mbili—

Garifalia: Baadaye.

Evanthia: Baadaye, ndio.

Garifalia: Kesho.

Evanthia: Usinifanyie hivyo.

Garifalia: Sikiliza, binti yangu. Wewe umekulia kwenye trei. Ukiona tini moja ina tundu la mdudu, unafanya nini? Unaitoa. Unachafua vidole, unaitoa. Ukisema ah, ni moja tu, nitaitoa jioni, unapanga boksi, unafunga utepe, unaandika jina la kijiji. Desemba mteja anafungua, boksi zima linatembea. Mimi nimelifunga boksi hilo. Tasoula alipokufa, mama mkwe alifunga madirisha jeneza lisipite machoni pake. Na mimi nilikuwa nyuma ya dirisha hilo hilo, napanga vijiko. Nakuambia maana sina mtu mwingine wa kumwonya. Wewe huwezi kusema sikukuambia.

Evanthia: Profesa Vlastaris amepita. Amenikonyeza. Anadhani naogopa maswali yake.

Garifalia: Ana sura gani?

Evanthia: Ya mtu aliyekula vizuri.

Garifalia: Unaona.

Evanthia: [anavuta pumzi] Nikiwaambia, sibaki na mwaka. Nabaki na vile vyuma vya kupigia fedha tu, kipi kilitangulia kipi. Sura ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hiyo kazi ni ya kweli, hakuna mkasi wa mtu unaoigusa.

Garifalia: Tatu zinatosha. Zile mbili zilikuwa ndefu.

Evanthia: Wanaweza kunirudisha mwaka mzima. Wanaweza kunicheka, mama. Ile nafasi ya kazi haitanisubiri.

Garifalia: Watakucheka, ndio. Saba wote. Na yule Mwingereza kaburini atageuka astarehe.

Evanthia: Huwezi kusema hata neno moja la kunipoza?

Garifalia: Nimekuambia kula, ukakataa.

Evanthia: [anacheka kidogo] Haya. Tuseme nimesimama nimewaambia. Swali la kwanza: umejuaje? Nasema nina shahidi. Nani? Lazima niseme. Wataandika kwenye kumbukumbu, halafu mimi nitaandika kwenye tanbihi, kwa jina, kijiji na tarehe. "Garifalia fulani, mkulima wa tini, aliitia kwa mkono wake."

Garifalia: Kwa jina?

Evanthia: Kwa jina.

Garifalia: Huwezi kuandika "mtu wa nyumbani"?

Evanthia: Hiyo si ushahidi. Hiyo ni baharia.

Garifalia: Andika "mwanamke mmoja". Wanawake wako wengi.

Evanthia: Ahaa.

Garifalia: Ahaa nini?

Evanthia: Ukweli ni wangu mimi, saa saba kamili, mbele ya watu saba wenye miwani. Wewe utakuwa "mwanamke mmoja", unageuza tini.

Garifalia: Si hivyo. Hujui huku. Loukia, binti wa Tasoula, bado yuko nyumba ile ile ya mama yake. Tunachambua tini pamoja kila siku ya Mungu, meza moja. Mwanawe ni mwalimu, anasoma kila kitu kinachoandikwa juu ya Istiaia, mpaka matangazo ya maji. Itafika. Atajua kwamba mama yake aliitwa mwizi miaka ishirini na miwili, na mimi nikimpa kahawa.

Evanthia: Itafika. Sasa unataka imfikie kwenye tanbihi?

[mkwaruzo mrefu]

Garifalia: Umesema nini? Imekatika.

Evanthia: Haikukatika, mama. Umesikia.

Garifalia: Nimesikia.

Evanthia: Mimi sitaingia na hili peke yangu. Umenionya, nimeonyeka. Umenipa nusu saa, na mimi nakupa nusu saa. Saa saba mimi nafungua mdomo. Na wewe saa saba ufungue.

Garifalia: Leo?

Evanthia: Au kesho ina kazi nyingi?

Garifalia: Mtoto mkorofi. Nani alikulea wewe?

Evanthia: Ninamsikia hapa.

Garifalia: Nitamwambia nini? Naanzaje? "Loukia, jua kali leo, na mama yako hakuwa mwizi"? Atanitemea mate.

Evanthia: Huenda.

Garifalia: Hatakaa tena meza yangu.

Evanthia: Huenda. Mimi pia huenda nisipate kiti changu. Yuko wapi sasa hivi?

Garifalia: Sijui.

Evanthia: Mama.

Garifalia: Yuko hapo ng'ambo ya ukuta. Anaanua mashuka. Amenipungia mkono mara mbili, anadhani naongea na wewe habari za kheri. Anajua ni siku yako leo. Asubuhi amenipa sahani ya biskuti, akasema, "Za daktari wetu."

Evanthia: Mlango umefunguliwa. Wananiita kabla ya saa, mama, wote wameshafika.

Garifalia: Umevaa nini?

Evanthia: Lile koti la bluu.

Garifalia: Funga kifungo cha juu. Usiombe radhi mara nyingi, omba mara moja, halafu sema. Na wakikuuliza shahidi ana elimu gani—

Evanthia: Nitasema darasa la sita, na amehesabu mabaharia wangu wote. Mama, nikitoka nikikupigia—

Garifalia: Nitapokea.

Evanthia: Nitakuuliza kwanza.

Garifalia: Na mimi nitakuuliza. Nenda, usiwasimamishe watu.

Evanthia: Naogopa.

Garifalia: Na mimi. Nenda. Usiburuze miguu.

Evanthia: Haya. Kwaheri, mama. Kwaheri.

Garifalia: Kwaheri, mwanangu. [mlio wa simu kukatwa] ... Loukia. Loukia, usiingie ndani kwanza. Hapana, hajamaliza, ndiyo anaingia. Weka mashuka hapo, uje ukae. Njoo upande huu. Si habari ya tini. Ni habari ya mama yako.